Dozi ya Kwanza Isipunguzwe: Mwongozo wa Antibiotiki kwa Watoto Mahututi wa Ituri

Mtoto mahututi anapofikishwa hospitalini Bunia, mara nyingi amekwisha kupita mikono mingi. Ametoka Djugu, Komanda au Mahagi, au katika kambi ya waliohama makwao ya Kigonze, hapahapa mjini. Amemeza vidonge vya dukani, amechomwa sindano moja au mbili katika kituo cha afya, na pengine amepigwa bomba (enema) la dawa za miti shamba kabla ya yote hayo. Wewe unayempokea una saa chache tu. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watoto wote waliolazwa walipimwa damu kutafuta bakteria, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kati ya watoto waliofariki wakiwa na bakteria katika damu, theluthi moja walifariki siku ileile waliyolazwa, na saba kati ya kumi ndani ya siku mbili. Dozi unayoitoa usiku wa kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote ya kumwokoa mtoto, na ndiyo hiyo inayopunguzwa mara kwa mara kwa hofu, kwa kukadiria uzito, au kwa sababu kichupa kimoja ndicho kilichopatikana.

Mwongozo huu ni kwa mwuguzi na daktari wa wodi isiyoweza kupima kiasi cha dawa ndani ya damu, iwe katika Hospitali Kuu ya Rufaa, katika CME (Centre Médical Évangélique), au katika hospitali ya zoni ya afya iliyo mbali zaidi barabarani. Ninachokitetea ni kwamba kukosa mashine hakuiondoi kazi ya kufuatilia dawa. Dozi ya kwanza itolewe kamili kwa uzito uliopimwa, hata kama figo zinatiliwa shaka. Zinazofuata ziamuliwe na figo na saa. Na figo hizo unaweza kuzisoma kitandani kwa mtoto, ukikubali kwamba mkojo ni kipimo cha kweli kama kipimo chochote cha maabara. Dozi ninazozitaja ni za Shirika la Afya Duniani. Zilinganishe na mwongozo wa kitaifa uliopo ukutani kwako.

Mwili wa mtoto mahututi hauichukulii dawa kama wa mtoto mwenye kikohozi cha kawaida. Maambukizi ya damu huifanya mishipa midogo ivujishe maji kwenda nje, kati ya nyama na ngozi. Ampisilini, gentamisini, seftriaksoni na vankomisini ni dawa zinazopenda maji, kwa hiyo huyafuata huko yalikokwenda, na kiasi kinachobaki katika damu kinapungua. Mtoto mchanga tayari ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Mwenye utapiamlo mkali huweza kuwa na uvimbe, na albumini yake mara nyingi iko chini. Juu ya hayo, figo za mgonjwa mahututi huenda njia mbili zinazopingana: kwa baadhi ya watoto, damu inayokimbia kasi huzifanya zichuje dawa haraka kuliko kawaida, kwa wengine zinachoka na kukaribia kusimama, dawa ikabaki mwilini na kujilimbikiza. Watoto wawili wa kilo nane, vitanda vinavyopakana, dozi ileile, wanaweza kuwa mmoja amekosa dawa na mwingine amezidishiwa. Ila dozi ya kwanza kazi yake ni kulijaza tu hilo eneo lililotanuka. Figo hazina neno kubwa katika kujaza. Neno lao linaanza kwenye kutoa. Ndiyo maana kupunguza dozi ya kwanza kwa sababu ya kreatinini iliyopanda ni kosa la hesabu, hata likifanywa kwa nia njema.

Tahadhari moja hapa. Namba nyingi za vitabu kuhusu mwili uliojaa maji zimetoka katika wodi za Ulaya na Marekani, ambako wagonjwa humiminiwa seramu nyingi. Kwetu haifai kufanya hivyo. Jaribio la FEAST la mwaka 2011, lililohusisha watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania wenye homa kali na dalili za mzunguko mbovu wa damu, lilionyesha kwamba waliopewa seramu nyingi kwa haraka walifariki zaidi ya wasiopewa. Kwa hiyo usiongeze maji kwa kisingizio cha dawa, wala usichukue dozi kubwakubwa za vitabu hivyo kana kwamba mtoto wako ametendewa vilevile.

Anza na mizani. Umri ni kadirio baya la uzito mahali ambapo watoto wengi wamedumaa. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuwa na kilo nane, na ukimdhania kumi na mbili umeshamzidishia kwa nusu nzima. Mpime bila nguo. Asipoweza kusimama wala kukaa, mpime akiwa mikononi mwa mama yake, kisha utoe uzito wa mama. Mwenye uvimbe wa utapiamlo mpe dozi ya kwanza kwa uzito unaosomeka, kwa kuwa maji ya uvimbe nayo yatainywa dawa, halafu umpime upya kila siku uvimbe unapopungua na urekebishe hesabu. Andika uzito kwa tarakimu kubwa juu ya fishi ya mgonjwa, mahali ambapo anayeingia zamu ya usiku hatautafuta.

Sasa hesabu yenyewe, kwa mtoto wa kilo 8 aliyevuka mwezi mmoja. Gentamisini ni miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani miligramu 60. Kichupa cha miligramu 80 katika mililita 2 kina miligramu 40 kwa kila mililita, hivyo unavuta mililita 1.5. Kichupa cha miligramu 20 katika mililita 2 kingehitaji mililita 6, na vichupa hivi viwili hukaa sanduku moja vikifanana. Soma namba kila mara, hata kama ulivuta hichohicho asubuhi. Ampisilini ni miligramu 50 kwa kilo kila baada ya saa 6: miligramu 400. Unga wa ampisilini nao unachukua nafasi. Kichupa cha miligramu 500 ukikitia mililita 2.1 za maji ya sindano unapata mililita 2.5, na mililita 2 ni dozi yako kamili. Ukitia mililita 2.5 za maji ukidhani ndizo zitakazokuwamo, kichupa kinajaa kiasi cha mililita 2.9, na zile mililita 2 zinabeba miligramu 345 tu. Umempunja mtoto asilimia 14 bila mtu yeyote kuona, na utampunja hivyo mara nne kila siku. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Aliyezaliwa na kilo 1.8, katika juma la kwanza, anahitaji gentamisini miligramu 3 kwa kilo: miligramu 5.4. Kutoka katika kichupa kikali hiyo ni mililita 0.135, ambayo bomba la mililita 2 haliwezi kuipima kwa haki. Chukua mililita 1 ya dawa, ongeza mililita 3 za maji, na sasa una miligramu 10 kwa mililita. Vuta mililita 0.54 kwa bomba la mililita 1. Mchanga mwenye uzito wa kawaida hupata miligramu 5 kwa kilo katika juma la kwanza, na baada ya hapo 7.5.

Usichanganye gentamisini na ampisilini katika bomba moja. Penisilini na ndugu zake huiharibu gentamisini zikikaa pamoja. Suuza mrija kwa maji ya chumvi kati ya dawa na dawa. Suuza pia baada ya dawa, kwa sababu mtoto mdogo akipewa mililita nusu, sehemu nzuri ya dawa inaweza kubaki ndani ya mpira.

Dozi zinazofuata zinafuata sheria mbili tofauti, na hapa ndipo wodi nyingi hujikwaa. Gentamisini huua kwa kilele: ikipanda juu mara moja inaangusha bakteria wengi, halafu inapaswa kushuka karibu na sifuri kabla ya dozi nyingine, maana kinachoumiza figo na sikio ni ile isiyoshuka. Ampisilini huua kwa muda: kinachohesabika ni saa ngapi imebaki juu ya kiwango kinachomzuia mdudu. Kwa mtoto mwenye figo nzima, karibu nusu ya ampisilini hutoka kila saa. Baada ya saa 6 imebaki kiasi cha sehemu moja ya 64. Ukiruka dozi ya usiku wa manane, baada ya saa 12 imebaki chini ya sehemu moja ya 4,000, na bakteria wamepata saa nyingi za kujijenga upya. Hakuna dozi kubwa ya asubuhi inayoyalipa mapengo hayo. Kama wodi yako kwa kweli haiwezi kutoa dozi ya usiku, sema hivyo waziwazi katika kikao cha asubuhi na mchague dawa inayotolewa mara moja au mbili kwa siku. Ratiba ya mara nne inayotolewa mara tatu ni tiba iliyokwisha kushindwa kwenye karatasi. Na saa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24. Kwetu wengine husoma saa kwa Kiswahili na wengine kwa Kifaransa, na “saa sita” ya mmoja ni 12:00 huku ya mwingine ikiwa 6:00. Andika muda dawa ilipoingia mwilini, usiandike muda ulioagizwa.

Sasa figo. Kiwango cha kukutia wasiwasi ni mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, ukidumu saa 6 au zaidi. Kwa mtoto wetu wa kilo 8 hiyo ni mililita 4 kwa saa, yaani 24 katika saa 6. Pima nepi au kitambaa kikiwa kikavu, kipime tena kikiwa na mkojo. Gramu moja ni karibu sawa na mililita moja, na mizani ndogo ya jikoni inatosha. Mfundishe mama, naye atafanya kazi hii kwa uangalifu kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye asiyetoka kitandani. Mwombe pia akuonyeshe rangi. Mkojo mweusi kama kahawa kwa mtoto mwenye malaria kali una maana kwamba damu inavunjika na figo ziko hatarini. Muulize bila kumlaumu kama mtoto alipigwa bomba la mizizi au majani kabla ya kuja, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huharibu figo, na mama akihisi atafokewa hatakuambia.

Kreatinini ikipatikana, isome kwa macho ya mtoto. Karatasi ya maabara mara nyingi huonyesha viwango vya mtu mzima. Mtoto aliyekuwa na 0.3 akapanda hadi 0.6 ataonekana wa kawaida, ilhali amepoteza karibu nusu ya nguvu ya figo zake. Njia rahisi ya Schwartz ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu ni kuzidisha urefu kwa sentimita na 0.413, halafu kugawa kwa kreatinini ya miligramu kwa desilita: urefu wa sentimita 70 na kreatinini ya 0.4 hutoa kama 72. Lakini kreatinini hutoka katika misuli, na mtoto wa utapiamlo mkali hana misuli. Namba yake itakuwa nzuri kwa uongo. Kwa mchanga wa siku mbili tatu namba hiyo bado ni ya mama yake. Kwa watoto hawa wawili, mkojo unaujua ukweli mapema zaidi.

Mkojo ukiwa mdogo, kwanza jiulize kama mtoto amekauka tu, umtibu hilo. Ukibaki mdogo, usitoe dozi ya pili ya gentamisini kwa mazoea. Iahirishe, pima kreatinini, na kama figo hazirudi badili dawa. Ukilazimika kuendelea nayo, refusha muda kati ya dozi badala ya kuikata dozi yenyewe. Dozi iliyokatwa haifiki kilele kinachoua bakteria na bado inajilimbikiza. Ampisilini na seftriaksoni zina nafasi pana ya usalama. Katika siku mbili za kwanza sioni sababu ya kuzipunguza kwa figo zilizochoka kiasi, hasa kwa kuwa figo nyingi huamka mtoto akianza kupata nafuu.

Utaambiwa gentamisini ni dawa ya kuua figo, na heri mtu atoe nusu. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaelekezwa mahali pasipo. Madhara huongezeka na siku nyingi za tiba, na dawa isiyoshuka kabla ya dozi mpya, na dawa nyingine zinazoumiza figo au sikio kama furosemidi. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu watoto wachanga ulionyesha kwamba wanaopewa gentamisini mara moja kwa siku hubaki na viwango vya juu kabla ya dozi mpya mara chache kuliko wanaogawiwa dozi mara kadhaa. Katika mkoa ambao zoni ya afya ya Rethy na jirani zake bado huona wagonjwa wa tauni, ugonjwa ambao gentamisini ni mojawapo ya tiba zake kuu, kuifanya dawa hii iogopwe kunaweza kugharimu uhai wa mtoto. Itoe kamili, hesabu siku, na siku ya tano ujiulize kwa nini bado inaendelea.

Pingamizi zito zaidi ni hili: bila kupima dawa katika damu, yote haya ni kubahatisha. Ni kweli kwamba kipimo kingesaidia. Utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 68 za nchi 10 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya sita katika wodi za mahututi hakufikia hata kiwango cha chini cha dawa za jamii ya penisilini alichohitaji, pamoja na mali zote za hospitali hizo. Lakini walipojaribu kurekebisha dozi kwa vipimo, katika majaribio ya TARGET na DOLPHIN yaliyotoka mwaka 2022, haikuthibitika kwamba wagonjwa walipona zaidi. Hata BLING III ya mwaka 2024, iliyolinganisha dawa ya kudondoshwa mfululizo na ya vipindi kwa watu zaidi ya 7,000, ilikuta vifo asilimia 24.9 dhidi ya 26.8, tofauti ambayo kitakwimu haikuvuka mstari. Hao wote walikuwa watu wazima, na sitaki kuyavuta majaribio hayo mbali kuliko yanavyofika. Yanachoniruhusu kusema ni kwamba sehemu kubwa ya faida iko katika dawa sahihi, mapema, kamili, kwa saa zake. Ninachokikubali bila ubishi ni vankomisini na amikasini za siku nyingi: hizo kuzitoa kwa mtoto mwenye figo mbovu bila kipimo ni hatari halisi, na ziwe njia ya mwisho. Hospitali ikipata fedha, ningeanza na kreatinini inayopatikana usiku na mchana, kisha upandaji wa damu, kisha kipimo cha gentamisini.

Wengine hutatua yote kwa seftriaksoni: mara moja kwa siku, haina hofu ya figo, ipo kila duka. Ni dawa njema sana, miligramu 80 kwa kilo, na 100 kwa siku kwa homa ya uti wa mgongo. Lakini usimpe mchanga mwenye manjano, wala mchanga anayepata kalsiamu kwenye mshipa. Kisha kuna Salmonella, mdudu anayeongoza katika damu ya watoto wa Kongo wenye homa kali, hasa malaria inapowafungulia mlango. Katika hospitali ya Kisantu, magharibi mwa nchi yetu, watafiti wa INRB, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba na biolojia, na wenzao wa Ubelgiji walieleza mwaka 2019 kuhusu ukoo wa Salmonella usiosikia dawa nyingi, seftriaksoni ikiwamo. Kila sindano ya seftriaksoni inayochomwa kwa homa ya kawaida inamnyima kitu mtoto mahututi wa kesho. Na kumbuka upande wa pili: Salmonella hujificha ndani ya chembe za mwili ambako gentamisini haifiki, hata kama sahani ya maabara imesema mdudu huyo anaisikia. Hapo kuongeza dozi hakusaidii; badili dawa.

Kuhusu fedha nitasema bila kuzunguka. Familia iliyokimbia mashamba yake ikiambiwa inunue vichupa viwili, itarudi na kimoja, na mtoto atapewa nusu dozi huku fishi ikisema amepewa yote. Nusu dozi inagharimu na haiponyi. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kuwahudumia watoto wawili saa ileile, kwa bomba jipya na mikono safi. Panga vitanda na saa ili hilo liwezekane. Na pale dawa isipotosha kabisa, andika kiasi kilichotolewa kweli, ili daktari wa asubuhi asidhani dawa imeshindwa.

Saa 48 zikifika na mtoto hajabadilika, usikimbilie dawa kali zaidi. Keti na fishi. Je, uzito ulipimwa au ulikadiriwa? Dozi ngapi ziliingia kati ya zilizoagizwa, na ya usiku iko wapi? Mshipa ulikuwa wazi au dawa ilivimbisha mkono? Unga ulichanganywa na maji kiasi gani? Kuna usaha mahali, kifuani au katika mfupa, ambao dawa haiufikii bila kutolewa? Na malaria, sukari na upungufu wa damu vimetazamwa upya? Maswali haya yakijibiwa yote vizuri, hapo ndipo unapobadili dawa ukiwa na sababu. Mtoto akipona, andika katika kadi yake jina la dawa na idadi ya siku. Aliyepata gentamisini kwa zaidi ya juma moja, mwambie mama atazame kama anageuka akiitwa kwa nyuma, na akiona hageuki amrudishe mapema, kabla umri wa kujifunza kusema haujampita.